Ultrasaundi inayokuzunguka mwili mzima ukiwa ndani ya maji: karibuni tuijadili hii teknolojia kwa kina

Mshika Probu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni.

Mimi ni mtu wa chumba cha picha, huu ni mwaka wa 11 nashika probu, kile kifaa cha mkononi cha ultrasaundi, kwahiyo hili ninaloandika linanigusa mkono wangu kabisa. Wiki nzima nimekaa na andiko la watafiti wa Caltech, kile chuo cha Pasadena kule California, walilitoa 2023, nimelisoma mara tatu na usingizi umekata, nikaona nisikae nalo peke yangu.

Kwanza niwaeleze kazi yetu ilivyo. Mgonjwa analala, namwaga jeli tumboni, nakandamiza probu. Probu inatoa sauti ambayo sikio halisikii, kwa tumbo huwa kati ya megahezi 2 na 5, sauti inaingia mwilini, kila inapokuta mpaka wa kitu na kitu kidogo inarudi, mashine inachora huo mwangwi. Ninachokiona ni kipande chembamba kama chapati iliyokatwa mara sita, basi. Vingine vyote sivioni mpaka nisogeze mkono. Nikiinamisha kiganja kidogo tu ini linabadilika sura, nikikandamiza sana kitu cha duara kinakuwa bapa, ubavu ukikaa mbele inabidi nizunguke, nimwambie mama vuta pumzi, ishike hapohapo, haya achia, vuta tena. Picha inatoka mkononi mwa mtu. Mwenye mkono mwingine anapata picha nyingine.

Mwaka juzi kuna mzee nilimpima uvimbe kwenye ini, nikaandika sentimita 2.8. Wiki tatu baadaye akapimwa kituo kingine wakaandika 4.1. Familia ilivunjika moyo, wakaamini uvimbe unakimbia, mtoto wake wa kike alinipigia simu analia. Nikamwita tena mzee, nikamlaza ubavu, nikakata picha kwa mwelekeo aliokata mwenzangu, nikapata 4. Ule uvimbe ulikuwa na umbo la yai, mimi nilikuwa nimeupima kwa upana, mwenzangu kwa urefu, na haukuwa umekua hata kidogo. Tangu siku ile kila nikiandika namba kwenye ripoti naandika na nilikata wapi.

Sasa njooni kwa hawa Caltech. Ni maabara ya Lihong Wang, huyu anafahamika zaidi kwa picha zinazochanganya mwanga wa leza na sauti. Wamechukua pete yenye upana wa sentimita 60, wamepanga sensa 512 za kusikiliza kuizunguka, halafu kuna kitoa-sauti kimoja kinachotembea kuzunguka pete yote. Mtu anaingia kwenye tangi la maji kichwa kikiwa nje, pete inakuwa imemzunguka tumboni au mapajani, kitoa-sauti kinapiga huku kinazunguka na sensa zote zinasikiliza kwa pamoja. Sekunde kama 10 hivi umeshabana pumzi na kuiachia, kipande kizima cha mwili kimepatikana kutoka ngozi ya mbele mpaka ya mgongoni, ini, wengu, figo, mishipa mikubwa, uti wa mgongo, kwenye picha moja kama unavyoona kwenye CT, ile mashine ya eksirei inayopiga picha za mwili kipande kipande, ila hapa hakuna eksirei hata chembe.

Lakini hiyo pete yenyewe siyo iliyonikosesha usingizi. Ni hivi: sisi wa probu tunasikiliza kinachorudi tu. Wao wanasikiliza kinachorudi NA kinachopenya kikatokea upande wa pili. Sauti inayopenya inabeba habari mbili, imechukua muda gani na imefifia kiasi gani. Kwenye mafuta ya mwili sauti inakwenda kama mita 1450 kwa sekunde, kwenye msuli inakaribia 1580. Mashine zetu karibu zote zimepangiwa kuamini kwamba kila mahali mwilini sauti inakwenda 1540. Yaani mgonjwa mwenye mafuta mengi tumboni mashine inamkosea umbali toka mwanzo, na mimi siwezi kuirekebisha. Hii ya pete inapima mwendo wenyewe kila sehemu, kwahiyo inatoa namba ya nyama siyo rangi ya kijivu tu. Ini lililojaa mafuta sauti inapungua mwendo ndani yake. Leo hii nikiandika "ini linang'aa kuliko kawaida" hayo ni macho yangu, na macho ya saa tatu asubuhi siyo ya saa kumi jioni.

Jambo la kushangaza ni kwamba wazo ni la zamani sana. Miaka ya mwanzo ya 1950 kule Denver, Marekani, alikuwepo daktari Douglass Howry na mwenzake Joseph Holmes, walianza na hori la kunyweshea ng'ombe wakalijaza maji, baadaye wakachukua duara la meno la mzinga wa ndege ya vita B-29 ili kifaa cha sauti kizunguke tangi ambalo mgonjwa kakaa ndani. Picha walipata. Ila mgonjwa anayeweza kukaa ndani ya maji muda wote huo ni nani? Dunia ikahamia kwenye probu ya mkononi, na 1958 Ian Donald na wenzake wa Glasgow wakatoa andiko lao la uvimbe wa tumboni kwenye Lancet, jarida la madaktari, ndiyo njia tunayotembea mpaka leo. Sasa imerudi kwenye maji, na kompyuta ya kufanya mahesabu ipo.

Mimi naona hii inaweza kututoa kwenye tatizo la mkono wa nani. Nyie mnaonaje? Karibuni, na mwenye kupinga apinge.

---

Kahama Kwetu

Mkuu umeeleza vizuri mpaka mimi wa duka la vifaa vya ujenzi nimekuelewa. Swali langu, kama picha yenyewe ni kama ya CT si watu waende CT tu? Siku hizi CT zimesogea hadi mikoani.

Mshika Probu

Kaka swali zuri. CT ya tumbo mara moja mtu anapokea mionzi kama milisiveti 8 hadi 10, hiyo ni karibu sawa na mionzi ya asili ya miaka mitatu, ile tunayoipata sote kutoka ardhini na angani. Kwa mgonjwa mwenye shida kubwa hiyo ni biashara nzuri kabisa na mtu asiogope CT akiandikiwa. Ila huwezi kumpeleka mtu mzima wa afya kila miezi mitatu kuangalia ini lake linaendeleaje, wala mtoto. Sauti unaweza kurudia. MRI nayo haina mionzi ila inataka sumaku kubwa, chumba maalumu, na mtu alale kwenye tundu nusu saa au zaidi.

---

Nesi wa Zamu

Kaka Mshika Probu nakuheshimu sana ila naomba nikuletee wagonjwa wangu wa leo wodini uniambie nani anaingia kwenye hilo tangi.

Kitanda cha kwanza ana kidonda cha operesheni siku ya nne. Cha pili ana mpira wa mkojo na dripu. Cha tatu moyo umeshindwa, akilala bapa tu anakata pumzi, nikimzamisha maji mpaka kifuani si ndiyo maji yatambana zaidi. Cha nne mama wa miaka 80 amevunjika nyonga. Cha tano anaharisha. Ni vitanda vitano tu hivyo na sijapata hata mmoja. Halafu akishatoka mmoja maji unayafanyaje? Unamwaga? Unaweka dawa? Sisi wodini maji yakikatika tunabeba ndoo kutoka kisimani, na wewe unaleta mashine inayokunywa maji!

Sipingi maendeleo, naongea kwa sababu mwisho wa siku anayembeba mgonjwa kumwingiza humo ni mimi na siyo hao walioandika andiko.

Mshika Probu

Dada hapo umenigonga panapouma na nakushukuru. Nimepiga hesabu, tangi la upana wa mita moja na kina cha mita moja na robo ni kama lita 1000, yaani simtanki zima. Na siyo maji yoyote, yawe ya uvuguvugu mtu asitetemeke, na yasiwe na vipovu vya hewa maana kipovu kwa sauti ni ukuta. Wale waliopimwa Caltech walikuwa watu wenye afya zao, wa kujitolea, wanaingia na kutoka wenyewe. Kwa mgonjwa wa wodini kwako probu yangu itaendelea kumfuata kitandani, hilo sibishani.

Mahali ninapoiona mimi ni kwa mtu anayetembea mwenyewe, mwenye kisukari anayefuatiliwa ini, mtu wa homa ya ini B anayetakiwa kupigwa picha kila miezi sita maisha yake yote, mgonjwa wa saratani anayetazamwa kama dawa inapunguza uvimbe. Hao ndio wanaohitaji namba ya leo ilingane na namba ya miezi sita iliyopita hata kama aliyekuwa zamu ni mtu mwingine.

---

Mzee wa Mitetemo

Vijana hamjambo. Mimi siyo mtu wa hospitali ila hapo kwenye mahesabu naomba nichangie maana nimeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi upande wa ardhi.

Nilikuwa na kikosi cha mitetemo kule kusini, Lindi na Mtwara, wakati wa kutafuta gesi. Tunafyeka mstari porini, tunapanga jiofoni chini moja moja, mamia kwa mamia, halafu tunapiga ardhi kwa baruti ndogo au gari la kutikisa. Kila jiofoni inaandika mtikisiko uliifikia saa ngapi na ukiwa na nguvu kiasi gani. Sasa ukiangalia hiyo pete ya huyu kijana ni kitu kilekile, mtikisaji mmoja anahama, wasikilizaji mia tano wametulia. Tofauti sisi tulikuwa upande mmoja tu wa ardhi, juu, hatuwezi kwenda chini kusikiliza. Wao wamezunguka kotekote! Mwanajiolojia angefurahi kupata dunia anayoweza kuivalisha pete.

Mahesabu yake yanakwenda hivi. Kompyuta inaanza kwa kubahatisha, inasema tuchukulie humu ndani kuna maji matupu. Inapiga sauti ya kufikirika ndani ya hayo maji matupu, inaangalia sauti hiyo ingefika lini kwenye kila sensa. Inalinganisha na zilivyofika kweli. Hazilingani. Basi inarekebisha kidogo, hapa weka nyama, hapa punguza mwendo, inapiga tena, inalinganisha tena. Mara nyingi sana, mpaka ile ya kufikirika na ile ya kweli zikaribiane. Aliyeweka msingi wa hesabu hizi kwenye mitetemo ya ardhi ni Albert Tarantola, 1984, na kwa miaka mingi zilibaki vitabuni kwa sababu kompyuta za wakati ule zilikuwa haziwezi. 2020 watu wa Imperial College London, akiwemo Lluís Guasch, walionyesha kwa kompyuta kwamba hesabu hizohizo zinaweza kuchora ubongo kupitia fuvu.

Shida yake moja nawaambia mapema. Ukianza kwa kubahatisha vibaya sana, kompyuta inashika wimbi la jirani badala ya wimbi lenyewe, na itakuchorea picha safi, nzuri, ya uongo. Sisi tumewahi kuchimba kwa kufuata mchoro mzuri na chini hamna kitu.

Mshika Probu

Mzee wangu shikamoo. Hiyo aya ya mwisho nimeinakili kwenye daftari. Kwa megahezi 1, ndiyo masafa wanayotumia wale, wimbi moja ndani ya maji ni milimita moja na nusu tu, na kupita pete nzima sauti inachukua kama sehemu 4 za elfu 10 za sekunde. Kwahiyo mawimbi 400 yamejipanga toka upande hadi upande, kuruka moja ni rahisi sana. Sasa nimeelewa kwanini picha zao za mwendo zinakuwa na ukungu kuliko zile za mwangwi.

Mzee wa Mitetemo

Marahaba mwanangu. Huo ukungu ndio uaminifu wa hesabu. Ukiona umeondoka wote, uliza.

---

Binti Unguja

Assalaam alaykum. Mimi nauliza kama mwanamke. Hilo tangi mtu anaingia vipi, na sitara yake? Mama yangu mzazi alikataa kwenda kupimwa titi miaka miwili kwa sababu aliyekuwa akipima ni mwanamme, na tulipomshawishi akaenda tulikuwa tumeshachelewa. Nikisikia mashine mpya la kwanza nawaza hilo, picha baadaye.

Mshika Probu

Waalaykum salaam dada, pole sana kwa mama.

Kwenye titi ndipo hii teknolojia imefika mbali zaidi, acha nikueleze kwa utaratibu. Detroit kule Michigan alikuwepo mtu anaitwa Neb Duric, kabla ya hapo alikuwa profesa wa fizikia na nyota huko New Mexico, mtu wa kusikiliza mawimbi kutoka angani, akahamia kusikiliza mawimbi ndani ya titi. Mashine yao inaitwa SoftVue, pete yake ina vipande 2048 vinavyotoa na kupokea sauti, na Oktoba 2021 ilipata kibali cha FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, kutumika pamoja na mamografia (eksirei ya titi) kwa wanawake wenye matiti mazito, wale ambao kwenye mamografia titi lote linaonekana jeupe na uvimbe nao ni mweupe, hutofautishi. Mwanamke analala kifudifudi, kitanda kina tundu, titi moja linaning'inia ndani ya chombo cha maji ya uvuguvugu, pete inasogea taratibu ikiwa imelizunguka. Hakuna kubanwa kama kwenye mamografia, na hakuna mkono wa mtu unaomgusa wakati picha inapigwa. Dakika chache titi moja limeisha. Kule Karlsruhe, Ujerumani, nao wamejenga yao ya umbo la nusu mpira, inachukua pande zote kwa pamoja.

Kwahiyo kwa hilo la sitara, mashine ya titi naona inamsaidia mwanamke kuliko probu yangu. Hii ya mwili mzima bado. Mtu lazima avue nguo kubwa, maana kitambaa kinashika vipovu vya hewa. Ingekuja huku ningetaka kwanza nijue nani atakuwa mlangoni na taulo litawekwa wapi.

Binti Unguja

Ahsante kaka. Hilo la kutoguswa na mtu wakati wa picha ungelijua thamani yake kwa kina mama wa kwetu.

---

Daktari Zamu ya Usiku

Nimefuatilia uzi tangu jana. Mimi ni daktari wa picha, naomba nipinge kiungwana.

Moja, hilo neno "mwili mzima". Mapafu yamejaa hewa. Sauti ikifika kwenye hewa inarudi karibu yote, hakuna kinachopenya, weka sensa 512 au milioni. Kwahiyo kifua chote kinabaki nje ukitoa ukuta wake. Utumbo wenye gesi nao ni hivyohivyo, na gesi inahama kila dakika. Uti wa mgongo unaweka kivuli nyuma yake. Wao wenyewe wameonyesha tumbo na miguu, na kusema kweli hawajaficha, ila watu wa mitandaoni wakishaona "mwili mzima" wanaongeza yao.

Mbili, watu wenye afya. Kuonyesha ini zima zuri la mtu mzima ni hatua. Kuonyesha kinundu cha sentimita moja kwenye ini lenye sirosisi, yaani lililojaa makovu, la mtu mnene ambaye hawezi kubana pumzi sekunde 10, hiyo ni safari nyingine. Mshika Probu nakuuliza kwa heshima, wagonjwa wako wangapi wanabana pumzi sekunde 10 bila kutikisika?

Tatu, historia nyingine ambayo hukuitaja. 1942 Karl Dussik wa Austria alipitisha sauti kichwani mwa watu toka upande huu hadi ule, akachora picha akaamini anaona vyumba vya maji vya ubongo. Watu walifurahi miaka kumi. Ilipochunguzwa vizuri ikaonekana alichokuwa anakiona ni mfupa wa fuvu unavyomeza sauti, unene hapa wembamba pale. Hata fuvu tupu lililojazwa maji lilitoa picha kama ile! Ilikuwa sauti ya kupenya ileile unayoisifu.

Mshika Probu

Daktari nimepokea yote matatu, na la Dussik sikulitaja kwa sababu sikuwa nimelisoma, nimelisoma usiku huu baada ya wewe kuandika.

La pumzi, wazee wengi wanashindwa kwenye sekunde 6 au 7, mtoto wa chini ya miaka mitano usiulize. Ila upande wa gesi naomba niongeze kitu kimoja. Leo gesi ikikaa mbele ya kongosho mimi nina njia mbili tatu za kuizunguka, nampa maji anywe, namgeuza, nakandamiza. Pete inamzunguka mtu digrii 360, kwahiyo kisichoonekana kutoka mbele kinaweza kuonekana kutoka ubavuni au mgongoni bila mimi kuhangaika. Kivuli kinabaki ila kinakuwa kidogo. Nadhani naweza kulionyesha hili hata kwa mashine ya kawaida, nipeni siku mbili.

Daktari Zamu ya Usiku

Onyesha, nitasoma.

---

MamaMapacha

Jamani samahani mimi nina mimba ya wiki 19 na hapa nimesoma mpaka kichwa kinauma, je niisubiri hii mashine mpya au niende tu ultrasaundi ya kawaida? Hapa jirani wananiambia ultrasaundi nyingi zinaunguza mtoto.

Mshika Probu

Mama nenda ya kawaida, nenda wiki hii. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apate angalau ultrasaundi moja kabla ya wiki 24, upo ndani ya muda. Kwa mapacha (nimeona jina lako) daktari atakutaka urudi zaidi, maana ni muhimu kujua mapema kama wanashirikiana kondo moja au kila mmoja ana lake. Sauti haina mionzi na haiunguzi mtoto kwa vipimo vya kawaida vya kliniki. Hiyo ya tangi haijajaribiwa kwa wajawazito kwenye andiko nililosoma, wala usiifikirie kabisa kwa sasa.

Nesi wa Zamu

Mama sikiliza hapo. Na uende na kadi yako, usiiache nyumbani.

---

Kijana wa Data

Bro nikuulize bila kuzunguka, mashine ikianza kujipigia picha yenyewe nyie washika probu si mnakosa ajira? Hulioni hilo?

Mshika Probu

Naliona na nimelala nalo. Mkono wangu wa kulia hauna nguvu kama zamani, bega linauma nikifika mgonjwa wa 30, kazi hii inavunja mabega ya watu wengi na hatusemi. Siku mashine ikiweza kupiga picha nzuri ya ini la yule mzee kwa namna moja asubuhi na jioni, mimi nitakuwa nimekaa naisoma na kuongea na mgonjwa, muda ambao leo sina. Nikikosa kazi kwa sababu mtoto wa yule mzee hakulia wiki tatu bure, nitatafuta kazi nyingine. Sisemi hivyo kujisifu ndugu yangu, ndivyo ninavyojisikia.

---

Mshika Probu

Wakuu nimerudi, ahadi ni deni. Daktari Zamu ya Usiku hii ni yako.

Jana baada ya zamu nilinunua ini la ng'ombe nusu kilo buchani, kipande kimoja cha upana wa kiganja. Nilichukua beseni kubwa jeupe nikalijaza maji. Kwenye ini nilipasua kwa kisu nikaingiza gololi moja ya kioo, na nyuma yake kama sentimita moja na nusu nikaweka punje ya njegere iliyochemshwa. Nikafunga ini kwa uzi, nikalining'iniza kwenye kijiti cha mshikaki kilicholala juu ya beseni, probu nikaivalisha glavu yenye jeli ndani.

Mara ya kwanza sikuona kitu. Skrini nzima nyota tupu. Maji ya bomba yalikuwa yamejaa vipovu vidogo vimeganda kwenye ini kama jasho, na ile mipasuko ya kisu nayo imeshika hewa. Ikabidi nichemshe maji ndoo nzima, niyaache yapoe usiku kucha yamefunikwa, na ini nilipasue upya likiwa ndani ya maji hayohayo. Dada Nesi nilikukumbuka sana, ndoo moja tu imenipa kazi hiyo, sembuse simtanki.

Leo alfajiri nikarudia. Kutoka upande wa mbele, gololi inaonekana upinde mmoja mweupe tu, mgongo wake hakuna, nyuma yake mkia mweusi hadi mwisho wa skrini, na njegere imemezwa humo. Ningekuwa nimeandika ripoti ningeandika kitu kimoja. Nikahamia upande wa kulia, njegere ikatokea pembeni, duara la kijivu, lakini ukingo wake wa kushoto haupo. Upande wa kushoto, ule ukingo ukaonekana. Kutoka nyuma, njegere safi na upinde wa pili wa gololi. Pande nne, nikazichora kwenye karatasi moja kwa penseli, nikapata vitu viwili na umbali kati yake milimita 14. Nikakata ini nikapima kwa rula, milimita 15.

Halafu nikafanya la mwisho, la kwako daktari. Nikafunga kipande cha glavu kilichojaa hewa, kidogo kama kidole, nikakibandika ubavu wa kulia wa ini. Upande ule ukafa kabisa, giza. Kutoka kushoto na nyuma njegere bado ilionekana ila ule ukingo mmoja nikaupoteza na penseli yangu ikachora duara lenye pengo.

Pengo limebaki kwenye karatasi, nimeipiga picha nitaiweka hapa nikifika kazini kwenye intaneti nzuri. Kesho kutwa narudia kwa maji ya uvuguvugu, maana leo yalikuwa ya baridi na mafuta ya ini yalikuwa yameanza kuganda, sitaki hilo liingie kwenye vipimo.

Daktari Zamu ya Usiku

Weka na upande uliobandika hewa uandikwe juu ya karatasi. Na safari hii weka kipovu mbele, siyo ubavuni, tuone.